Kushika kamba au kushika sindano: kazi za mbwa jeshini, ipi inakufaa?

Anayesema "napenda mbwa, kwa hiyo naingia jeshini" bado hajajibu swali litakaloamua maisha yake kambini: anataka mbwa mmoja, au anataka mbwa wengi?

Mwongoza mbwa ana mmoja. Anamlisha, anafanya naye doria, anajua mkia ukisimama namna ile maana yake nini. Mtu wa tiba anao wote wa kambi, na hakuna aliye wake. Wengi hata hawampendi, kwa sababu yeye ndiye anayekuja na sindano. Matangazo ya uandikishaji huzichanganya kazi hizi katika picha ileile ya askari na mbwa wakiangalia machweo, na kijana hutia saini bila kujua ameingia mlango upi.

Hapa nalinganisha zaidi jeshi la Marekani, kwa sababu ndiko vijana wetu wengi wenye makaratasi wanakoulizia, kisha nitagusa la Uingereza, ambalo mlango wake kwa raia wa Jumuiya ya Madola ni wa aina yake.

Mwongoza mbwa: MP (polisi wa jeshi) kwanza, mbwa baadaye

Waongoza mbwa wa majeshi yote ya Marekani hupitia chuo kimoja, kambi ya Lackland, San Antonio, Texas. Kikosi cha 341 cha mafunzo, cha Jeshi la Anga, ndicho kinachofundisha mbwa na watu wao. Mbwa wenyewe wengi ni German Shepherd na Belgian Malinois walionunuliwa Ulaya. Wachache huzaliwa palepale Lackland, na hao unawatambua kwa jina, kwani herufi ya kwanza huandikwa mara mbili. Kila mbwa ana namba yake iliyochorwa ndani ya sikio, kama askari alivyo na yake.

Chuo ni kimoja, lakini njia ya kukifikia inategemea jeshi uliloandikwa, na hapa ndipo watu wanapoumia.

Jeshi la Nchi Kavu lina fani inayojitegemea iitwayo 31K. Zamani haikuwepo: ulikuwa MP wa kawaida, kisha unaomba mbwa. Siku hizi unaweza kuiona 31K kwenye mkataba kabla hujatia saini. Unamaliza mafunzo ya kuruta ya wiki 10, unaingia kwenye mafunzo ya fani, na sehemu ya mwisho inakupeleka Lackland.

Jeshi la Anga kwa kawaida hukuandika kama askari wa ulinzi wa kambi. Unalinda ndege, unasimama getini, unakagua vitambulisho. Ukishajenga jina zuri ndipo unaomba kwenda kwenye mbwa. Wanamaji nao wana fani yao ya polisi, Master-at-Arms, na mbwa ni tawi ndani ya fani hiyo. Marines hupeleka watu wao shule ya MP ya Fort Leonard Wood, Missouri, na nafasi za mbwa hugombewa na wanaofanya vizuri darasani.

Kwa hiyo jiulize: nikikosa mbwa, je, nitaweza kuwa MP miaka minne? Kama jibu ni hapana, usiandike jina Jeshi la Anga, Wanamaji wala Marines kwa ahadi ya mdomo ya ofisa wa uandikishaji. Nenda 31K, na hakikisha namba hiyo imeandikwa. Kama jibu ni ndiyo, una uhuru wa kuchagua kwa mambo mengine, na Jeshi la Anga lina faida ya kuwa mwenyeji wa Lackland yenyewe. Hata 31K haina bima kamili. Ukishindwa kozi, jeshi litakupangia kazi nyingine kwa mahitaji yake, wala si kwa matakwa yako.

Kazi ya kila siku ina kinyesi kingi kuliko inavyoonyeshwa. Asubuhi ni kuosha mabanda, kumkagua mbwa kuanzia meno mpaka nyayo, kumpiga brashi, kupima chakula. Kisha mazoezi ya utii, vizuizi, harufu, na kuuma. Katika hilo la mwisho mwenzako huvaa mkono mnene wa kujikinga na mbwa humrukia. Zamu yako itafika, utavaa wewe. Baada ya hapo ni kuandika. Kila zoezi la kunusa huingia kwenye kumbukumbu, limefaulu au halikufaulu, kwa sababu siku mbwa huyo atakapomfikisha mtu mahakamani, mawakili watataka kujua anakosea mara ngapi.

Mbwa mmoja hafundishwi kutafuta vilipuzi na dawa za kulevya kwa pamoja. Sababu yake ni rahisi. Anapokaa kitako mbele ya sanduku, mwongozaji lazima ajue papo hapo kama amwite mtegua mabomu au afungue. Hapo hakuna nafasi ya kukisia.

Kuna desturi isiyo rasmi kwamba mbwa ana cheo kimoja juu ya mwongozaji wake. Koplo ana mbwa Sajenti. Watu huicheka, lakini ina kazi yake: kuruta mwenye hasira hukumbushwa kwamba kumtendea vibaya mbwa ni kumkosea mkubwa wake.

Jambo ambalo wageni hawalitegemei ni kwamba mbwa ni wa kambi. Ukihamishwa, mara nyingi unaondoka peke yako, naye anabaki na kupewa mtu mwingine. Mbwa mmoja anaweza kupita mikononi mwa waongozaji kadhaa kabla ya kustaafu. Mtu asiyeweza kuachana na mnyama aliyemzoea afikirie sana hapa, maana si jambo linalotokea kwa bahati mbaya. Ndivyo mfumo ulivyopangwa.

Kustaafu kwao, angalau, kumebadilika. Katika vita vya Vietnam Marekani ilipeleka maelfu ya mbwa, na waliorudi ni wachache mno. Wengine waliachiwa jeshi la Vietnam Kusini, wengine waliuawa kama vifaa vilivyokwisha muda. Sheria iliyopitishwa mwaka 2000, inayojulikana kwa jina la mbwa Robby, ndiyo iliyofungua njia ya kuwaasili wanapostaafu, na marekebisho ya baadaye yakawapa waongozaji wa zamani kipaumbele. Kwa hiyo yule uliyemwacha unaweza kuja kumwomba baadaye, ikiwa bado yu hai na wenzako wengine hawakukutangulia.

Hatari nayo ipo. Mwongozaji wa mbwa wa vilipuzi hutangulia mbele ya kikosi, maana huko ndiko bomu liliko. Lucca, mbwa wa Marines, alipoteza mguu Afghanistan mwaka 2012 baada ya bomu la kutegwa kulipuka. Mwaka 2016 akapewa nishani ya Dickin ya Uingereza, ambayo hutunukiwa wanyama mashujaa. Wakati wa amani hatari kubwa kwa mbwa ni jua. Mbwa hatoi jasho kama sisi, na Malinois mwenye ari hufanya kazi mpaka aanguke. Kumzuia ni kazi ya aliyeshika kamba.

Mtu wa tiba: 68T

Hapa uchaguzi wa jeshi unakuwa rahisi, kwa kuwa jeshi ni moja tu. Tiba ya wanyama kwa majeshi yote ya Marekani hufanywa na Jeshi la Nchi Kavu. Jeshi la Anga lilifunga huduma yake ya mifugo mwaka 1980. Kwa hiyo hata mbwa wa Marines anapougua, anayemhudumia ni askari wa Nchi Kavu.

68T ni msaidizi wa daktari wa wanyama. Huchukua damu, hupiga eksirei, husafisha meno, huandaa chumba cha upasuaji, hufuatilia usingizi wa mgonjwa aliyelazwa kwa dawa, na huwafundisha waongoza mbwa huduma ya kwanza ili wajue la kufanya mbali na kliniki. Fani husomwa Fort Sam Houston, San Antonio hukohuko. Mji huo umejaa mbwa wa serikali.

Lakini usitarajie Malinois kila siku. Kliniki za jeshi hutibu pia mbwa na paka wa familia za askari, na kwenye kambi yenye mbwa wachache wa kijeshi, muda mwingi unaweza kwenda kwenye chanjo za paka. Kwa mtu anayependa wanyama kwa jumla hii ni raha. Kwa aliyekuja kutafuta mbwa wa vita, ni mshangao.

Kuna mtego mwingine hapa ambao napenda kuupigia kengele. Fani ya 68R nayo ina neno la mifugo ndani ya jina lake rasmi, lakini ni ukaguzi wa chakula: nyama, mayai, maziwa, maghala ya baridi. Ni kazi ya maana sana kwa afya ya askari. Mbwa hutamwona. Tofauti kati ya T na R kwenye karatasi ni tofauti ya miaka ya maisha yako.

Daktari: kapteni mwenye dawati

Ukiwa na shahada ya udaktari wa wanyama unaingia kama ofisa, kwa kawaida cheo cha Kapteni. Kikosi cha madaktari hao kiliundwa mwaka 1916, enzi za farasi na nyama ya kopo, na nasaba hiyo bado inaonekana. Sehemu kubwa ya kazi ya daktari kijana ni usalama wa chakula, magonjwa yanayotoka kwa wanyama kwenda kwa watu, na kusimamia wasaidizi. Upasuaji upo, lakini daktari anayetaka kushinda chumba cha upasuaji atalazimika kusomea ubingwa na kuomba sehemu kama hospitali ya mbwa wa kijeshi ya Lackland. Hospitali hiyo ilipewa jina la Luteni Kanali Daniel Holland, daktari wa wanyama aliyeuawa Iraq mwaka 2006.

Mvuto mkubwa wa njia hii ni ada. Masomo ya udaktari wa wanyama Marekani ni ghali kupita kiasi, na jeshi lina ufadhili wa fani za afya unaolipa ada na posho kwa mwanafunzi, naye hulipa kwa miaka ya utumishi. Kwa kijana wetu aliye chuoni huko na mwenye uraia, sioni mkataba mzuri kuliko huu katika orodha yote.

Waliosomea Sokoine, Nairobi au Makerere kisha wakahamia Marekani wana hatua moja kabla. Shahada ya nje haifungui leseni ya jimbo peke yake. Lazima upite mpango wa kuthibitisha sifa za waliosomea nje, ECFVG au PAVE, na kisha mtihani wa taifa wa leseni. Ni safari ndefu yenye gharama. Ianze kwanza, ndipo uzungumze na jeshi.

Kwa ufupi, ukitaka kuona safu kwa safu

| | Mwongoza mbwa | Msaidizi wa tiba (68T) | Daktari |
|---|---|---|---|
| Jeshi | Yote, ila 31K ni ya Nchi Kavu | Nchi Kavu tu | Nchi Kavu tu |
| Elimu ya kuingilia | Sekondari na ASVAB (mtihani wa kuingilia jeshini) | Sekondari na ASVAB | Shahada ya udaktari wa wanyama |
| Mbwa | Mmoja, kila siku | Wengi, pamoja na paka | Wengi, kati ya mikutano |
| Kuumwa na mbwa | Sehemu ya kazi | Ajali ya kazi | Ajali ya kazi |
| Vitani | Mbele ya kikosi | Kliniki, mara chache mbele | Kliniki na ofisi |
| Baadaye uraiani | Polisi, forodha, viwanja vya ndege, kampuni za ulinzi | Kliniki, baada ya kusoma zaidi | Kazi popote penye leseni |

Mstari wa mwisho wa jedwali unahitaji maneno. Mwongozaji mstaafu ana soko, kwa kuwa mashirika ya usalama ya Marekani yanatumia mbwa wengi viwanjani na mipakani. Lakini anashindana na mamia wenye historia kama yake. Aliyekuwa 68T hupata mshangao mwingine: leseni ya msaidizi wa tiba ya wanyama hutolewa na jimbo, na majimbo mengi hudai chuo kilichoidhinishwa pamoja na mtihani. Uzoefu wa jeshi humsaidia sana darasani, ila haumwondolei darasa. Ana bahati kwamba jeshi humpa stahiki ya kusomeshwa, basi aitumie.

Mshahara sikuuweka kwenye jedwali kwa makusudi. Jeshini pesa hufuata cheo na miaka. Mwongoza mbwa na mpishi wa cheo kimoja na miaka ileile wana mshahara wa msingi uleule. Ni daktari tu anayeanza juu, kwa kuwa ni ofisa.

Uingereza: nyumba moja

Waingereza wamepanga mambo kwa unyoofu zaidi. Kazi za mbwa za jeshi la nchi kavu ziko chini ya kikosi kimoja, Royal Army Veterinary Corps: waongozaji, wasaidizi wa tiba na madaktari, wote beji moja. Mafunzo ni Melton Mowbray, na rejimenti ya kwanza ya mbwa wa kijeshi iko North Luffenham, si mbali na hapo. Polisi wa Jeshi la Anga lao nao wana mbwa wao.

Faida ninayoiona ni kwamba mwongozaji na mtu wa tiba hukua pamoja. Aliyeshika kamba anajua dawa kidogo, na mwenye sindano anamjua mbwa kwa jina. Marekani watu hao wawili wana makamanda tofauti.

Huko nako kazi si ya mapambo. Mwezi Machi 2011, Helmand nchini Afghanistan, Koplo Msaidizi Liam Tasker wa kikosi hicho aliuawa kwa risasi, na mbwa wake Theo akafa saa chache baadaye kambini. Theo naye alitunukiwa nishani ya Dickin mwaka uliofuata.

Kwa Mkenya, Mtanzania, Mganda au Mnyarwanda, habari kubwa ni ya mwaka 2018: serikali ya Uingereza iliondoa sharti la raia wa Jumuiya ya Madola kuwa amekaa nchini humo miaka mitano kabla ya kuandikwa. Nafasi zina kikomo kwa mwaka, si kila fani iko wazi kwa wasio raia, na nauli ya kwenda kwenye usaili ni yako. Kutuma maombi ni bure. Yeyote wa Nanyuki au Kariakoo anayekutoza "ada ya fomu ya jeshi la Malkia" ni tapeli, na zaidi ya hapo amechelewa, kwani sasa kuna Mfalme.

Makaratasi

Marekani huandika askari wa kawaida akiwa raia au mwenye kadi ya kijani. Ofisa lazima awe raia, kwa hiyo daktari mwenye kadi ya kijani asubiri. Kwa askari wa kawaida kikwazo ni kibali cha siri, yaani ruhusa ya kushughulikia siri za serikali: kazi nyingi za ulinzi hukihitaji, na hutolewa kwa raia. Mwenye kadi ya kijani atakuta milango ya MP na mbwa ni myembamba kuliko ya tiba. Muulize ofisa wa uandikishaji waziwazi: je, fani hii inahitaji kibali cha siri, na je, mimi nisiye raia naweza kuandikwa leo? Sheria huwaruhusu wanajeshi kuomba uraia kwa njia ya utumishi, na wengi huanzia hapo kisha wakahamia fani waliyoitaka.

Mtanzania afahamu kwamba akichukua uraia wa Marekani akiwa mtu mzima anapoteza wa Tanzania. Mkenya, tangu katiba ya 2010, anaweza kubaki na zote mbili. Kwa familia yenye shamba la urithi hilo si jambo dogo, lizungumzwe na wazee mapema.

Na mate ya mbwa?

Kwa msomaji wa Mombasa, Unguja au Muscat swali hili huja kabla ya yote. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa pwani yetu, mate ya mbwa ni najisi nzito, na kilichoguswa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wana msimamo mwepesi zaidi. Kutumia mbwa wa kuwinda na wa kulinda kumeruhusiwa tangu mwanzo, na aya ya nne ya Suratul-Maida inawataja wanyama wa kuwindia waliofundishwa. Kwa hiyo mjadala hauhusu kufanya kazi na mbwa. Unahusu usafi na sala ukiwa kazini, zamu ya saa kumi na mbili, sare moja. Mzungumze na sheikh anayeijua kazi yenyewe. Mwongozaji hulambwa uso kila siku. Daktari na msaidizi wake huvaa glavu na wana bomba la maji hatua mbili pembeni, na kwa watu wengine hilo peke yake limetosha kuamua.

Ningekushauri nini

Kama wewe ni raia, una miaka 19, hujasoma chuo, na unataka mbwa hasa: 31K kwenye maandishi, na ukubali moyoni kwamba utaachana naye. Kama una kadi ya kijani na unapenda wanyama wote, 68T ndiyo ya kuulizia kwanza, na uanze kuomba uraia mapema. Kama una kichwa cha sayansi na wazazi hawawezi ada, subiri, soma, ingia kama daktari. Utachelewa miaka minane hivi kuliko mwenzako wa kamba, na utastaafu na leseni inayokufuata. Kama uko Nairobi au Arusha bila karatasi yoyote ya Marekani, tazama Uingereza, na kabla ya kukata tiketi pata jibu la barua pepe kutoka kwa waandikishaji wenyewe kwamba fani ya mbwa iko wazi kwa uraia wako mwaka huu.